Kibuyu Alichokiweka Chini Mama Herena

Vijana wangu, ninyi mnaozunguka Katesh baada ya mavuno mkitafuta nyumba ya kununua, kaeni kidogo. Dalali atasubiri. Anawaambia hatasubiri, lakini atasubiri. Yeye ndiye mwenye njaa.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la nne kule Tlawi, baba akaniambia ng'ombe hawajui kusoma na wanashiba. Lakini nilishika mwiko miaka ishirini na mbili katika kambi ya shamba la ngano la serikali, huku tambarare chini ya mlima Hanang. Wengine wanaikumbuka kambi ile kwa kombaini na matrekta. Mimi naikumbuka kwa kuta. Kota za wafanyakazi, nyumba za mabwana, stoo, karakana, choo cha wageni, zote nilizipiga lipu, na nyingine nilizipiga mara sita. Ukuta naujua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake: huyu anachechemea, huyu anaficha maziwa, huyu hatafika masika.

Majina nitayataja. Mke wangu Anjelina anasema niyaache, watu wale ni wazee sasa, wana wajukuu. Nami nina mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo nitayataja. Lakini msidhani nimekaa kuandika kwa hasira tu. Hasira ningemwambia mbuzi ikaisha. Nimekaa kwa sababu ya shukrani. Leo naandika haya chini ya bati langu mwenyewe, na bati hili nimelipata kwa kuwa mama mmoja mjane alikataa kunywa pombe yangu.

Nianze na fundi wangu. Mzee Shabani alikuwa fundi mkuu wa ujenzi pale kambini, mtu wa Kondoa, mfupi, sauti kama msumeno unaokata mti mbichi. Siku yangu ya kwanza kazini hakunipa mwiko. Alinipa ndoo ya maji.

"Mwaga hapo sakafuni."

Nikamwaga.

"Yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwenye kona, mzee."

"Basi hiyo kona ndiyo itakayoiua nyumba hii. Ukitaka kujua ugonjwa wa nyumba usimwulize mwenyewe. Mwenyewe ataapa mpaka kwa jina la mama yake. Uliza maji."

Hayo ndiyo masomo niliyopata, na hayakuwa na cheti. Alinifundisha kufunga mlango saa sita mchana, kukaa gizani na kutazama juu: ukiona nyota mchana, bati limetoboka. Alinifundisha kuchoma kenchi kwa ncha ya kisu, pale mbao inapolala juu ya ukuta, maana mchwa ni mwizi mwenye adabu, anakula ndani na kukuachia ngozi. Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama mtu anayebisha hodi. Ukuta mzima unakujibu kwa sauti fupi. Ukuta mgonjwa unakujibu kama debe.

Upepo nilijifunza mwenyewe, kwa aibu. Nilikuwa mtu wa milimani, kwetu Tlawi kuna vilima na miti, upepo ukikufikia umeshachoka. Huku chini hauna wa kuuzuia. Mimi bila kujua nikajenga choo cha wageni, mlango unafunguka kwa nje na unatazama mashariki, kule kule upepo unakotoka. Akaja bwana mkubwa kutoka makao makuu, akaingia na gazeti lake. Upepo ukaamka. Mlango ukabanwa kama umepigiliwa misumari. Tulisikia anagonga, tukadhani anakohoa. Mwisho tukamtoa watu watatu, wawili tunavuta nje, yeye anasukuma kwa bega, tai imegeuka mgongoni.

Mzee Shabani akasema, "Huyu leo amesoma mpaka matangazo ya vifo."

Ilibidi mlango uhamishiwe upande wa pili. Ule mlango, nitaurudia.

Sasa niwaeleze dhambi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata wakati wa kununua nyumba.

Kota zetu zilijengwa kwa tofali ambazo zilionja saruji, hazikula. Saruji ilipitia mlango wa nyuma wa stoo, na mtunza stoo alikuwa Faustini. Hilo ni jina la kwanza. La pili ni Kasiani, afisa utawala, aliyekuwa akijua na kugawana naye. Masika ikifika, maji yalipanda ukutani kama mchwa, chumvi nyeupe ikatoka, watoto wetu wakalala wakiwa wameegemea ukuta unaotoa jasho. Tukilalamika, Kasiani anasema bajeti. Lakini akisikia wageni wanakuja kukagua, hapo ananiita.

"Fundi, kesho kutwa nataka kuta zote zimekauka."

Kuta hazikauki kwa amri. Kwa hiyo nikabuni dawa. Unakwangua ukuta kuanzia chini hadi usawa wa goti. Unachukua majivu ya samadi iliyochomwa, unayachekecha, unachanganya na chokaa na saruji kidogo ya kudanganyia. Unapaka, unalainisha, halafu unamalizia kwa kipande cha gunia la katani kilicholowa, unazungusha mkono hivi, ukuta unabaki na alama kama vipande vya mwezi. Juu yake rangi. Kiangazi chote ukuta unacheka. Masika ikija, unalia.

Kasiani alinipa jina, Daktari. Nami mjinga nikalipenda. Nikamfundisha na fundi mwenzangu Yusto, naye akaijua kunishinda. Mzee Shabani alikataa kuigusa.

"Unamzika mgonjwa angali hai," aliniambia.

"Mzee, ni amri ya Kasiani."

"Amri ni ya Kasiani. Mkono ni wa nani?"

Jibu ulilitoa ukuta. Ukuta wa nyuma wa stoo niliupiga dawa ile misimu mitatu badala ya kuubomoa, na masika ya nne ukaanza kuinama. Kasiani akanituma nikauwekee mihimili. Nilipokuwa nimeinama chini yake ukaniangukia. Mguu ulivunjika mahali pawili. Mzee Shabani akakimbia, akang'oa ule mlango wa choo cha wageni niliowaambia, wakanilaza juu yake, wakanibeba hadi kwenye trekta. Nikiwa kwenye maumivu yale akainama sikioni mwangu akasema, "Leo mlango wako umefunguka vizuri." Nilicheka na kulia pamoja. Ninamshukuru mpaka leo. Mtu anayeweza kukuchekesha umelala juu ya mlango wa choo, huyo ni ndugu.

Kasiani aliandika kwenye karatasi kwamba nilikuwa nimelewa. Siku ile sikuwa nimekunywa hata chai. Basi na hilo nalo liandikwe, na mimi nimeliandika.

Miaka ikapita. Ngano ikaanza kudorora, kombaini zikawa zinakula vipuri vya wenzao, mwisho likabandikwa tangazo kwenye ukuta wa ofisi: wafanyakazi wanapunguzwa, na kota zote ziwe wazi mwezi mmoja baada ya mavuno. Ukuta lilipobandikwa nilikuwa nimeupiga lipu mimi. Nilisimama mbele yake na mwiko mkononi kama mtu aliyefika msibani bila kualikwa.

Tulikuwa na watoto wanne. Shamba la baba kule Tlawi ndugu zangu wameshaligawana hadi mtu akilala anapitiliza mpaka. Tulichokuwa nacho ni kiinua mgongo changu, basi. Ukikikosea hicho hakuna kingine, mvua inakukuta njiani na watoto. Mwezi mmoja, nyumba moja, nafasi moja. Ndivyo ilivyokuwa.

Na hatukuwa peke yetu. Msimu ule Katesh ilichemka. Sisi tuliopunguzwa tulishuka na vijisenti vyetu. Wakulima walikuwa wameuza maharage na ngano. Walimu na manesi waliohamishiwa wilayani nao wanatafuta pa kukaa. Nyumba iliyouzwa Jumatatu, Jumatano imepanda. Madalali waliota kama uyoga. Mtu aliyekuwa juzi akiuza chumvi leo anaitwa bwana nyumba. Watu walinunua nyumba kama mitumba: gusa, nusa, lipa. Dereva mmoja wa kombaini alinunua nyumba kwa kuonyeshwa ufunguo tu. Alipofika mlangoni akamkuta mtu mwingine, naye ana ufunguo. Wakasalimiana, wakakaa kizingitini wakingoja, wakijua kabisa kwamba wa tatu yuko njiani.

Na bwana nyumba mkubwa kuliko wote alikuwa nani? Faustini. Yule yule wa stoo. Amevaa koti, mkoba wa ngozi kwapani. Ningemkimbia. Lakini sikilizeni ujinga wa mwenye haraka: nilijisemea, huyu angalau ni mwizi ninayemfahamu.

"Fundi," akaniambia, "wewe ni mtu wangu. Nina nyumba nimekufichia. Bati jipya, vyumba viwili na sebule, jiko nje. Mwenyewe yuko Arusha, amenikabidhi karatasi zote. Lakini Jumamosi kuna mwalimu anakuja na hela mkononi. Mimi sitaki unilaumu baadaye."

Tukaenda kuiona. Ilikuwa chini kidogo ya mji, ng'ambo ya kichaka, nyuma yake kuna korongo kavu ambalo watu walilifanya njia ya ng'ombe. Rangi ya waridi. Nikafunga mlango, nikatazama juu: hakuna nyota. Nikachoma kenchi: mbao ngumu. Timazi ikalala sawasawa kwenye kona zote. Nikaomba ndoo ya maji, nikamwaga sakafuni, maji yakatulia katikati kama paka. Nyuma nikaona lipu mpya hadi usawa wa goti. Nikafurahi! Mimi, Daktari, nikasema moyoni, hawa watu wanaijali nyumba yao. Kwenye miiba ya kichaka, pale ardhi inaposhuka, juu usawa wa bega langu, kulikuwa na nyasi kavu zimenasa, nikasema upepo wa Katesh hauna adabu.

Mguu uliniuma siku ile. Nikausingizia mwendo.

Nyumbani nikamwambia Anjelina tumepata. Yeye alikuwa anageuza mtama juu ya gunia, umeota kimea.

"Majirani umewaona?"

"Mama Paulina, mimi nanunua nyumba, sinunui majirani."

"Utawanunua tu. Wanakuja na nyumba."

Hapa niwaeleze mlio wageni. Kule kwao Anjelina, Gendabi, na huku mtaani enzi zile, mwenye kununua nyumba alipika pombe akawaita wanaopakana nayo. Kibuyu kinazunguka. Anayepakana akinywa, amekubali kwamba mpaka ni ule na nyumba haina la kuficha. Hakuna anayesema neno. Huku kwetu mtu hamsemi vibaya jirani yake mbele ya mgeni. Watakutana kesho kisimani, watazikana. Lakini akikiweka kibuyu chini bila kunywa, amesema yote.

Nilimwambia hatuna muda, Jumamosi mwalimu anakuja, pombe inataka siku nyingi.

"Kimea nilikiloweka siku ile ile walipobandika tangazo," alisema. "Ninyi mlisimama kusoma. Mimi sijui kusoma, nikaenda kutafuta mtama. Ijumaa itakuwa imeiva."

Vijana, mkiulizwa maandalizi ya kununua nyumba ni nini, msiseme hela peke yake. Mimi niliandaa hela. Mke wangu aliandaa pombe.

Faustini aliposikia alikunja uso. "Mambo ya kizamani hayo, fundi. Mjini tunaandikishiana karatasi." Lakini mteja ana hela, akaja.

Ijumaa asubuhi tulikaa uani kwa ile nyumba. Waliopakana walikuwa wawili. Upande wa juu Mama Herena, mjane, mrefu, shuka lake limefungwa begani, macho ya mtu ambaye ameshasikia uongo mwingi na hashangai. Upande wa pili Gidahoti, mfugaji wa Kibarbaigi, fimbo mkononi, mwenye maneno machache kuliko ng'ombe wake. Mimi niliwaheshimu wale watu na niliwaogopa kidogo. Tambarare ile tuliyolima ngano ilikuwa malisho ya wazee wake Gidahoti, na sisi tulipita juu yake na trekta. Hakuwahi kunitajia jambo hilo, hata siku moja.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Anjelina akajaza kibuyu, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Mama Herena akakipokea. Akatazama ndani. Akanusa, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba imeiva vizuri. Halafu akakiweka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Kuku aliyekuwa anaparua karibu akakisogelea kibuyu.

Faustini akacheka. "Mama, kunywa bwana, watu wana haraka."

"Wenye haraka watangulie."

"Labda daktari amekukataza. Sukari hiyo."

"Sina sukari. Nina kiu, nimepalilia tangu alfajiri." Hakumtazama. "Lakini hii sinywi."

Faustini akakichukua kibuyu akampa Gidahoti. Gidahoti hakunyoosha mkono. "Mimi nakunywa nyuma ya mama," akasema, na akarudi kutazama fimbo yake.

Mimi damu ikanipanda. Niliona nyumba inaondoka, mwezi unaisha, watoto wako nje. Nikaanza kusema, "Mama, kama kuna neno lisemwe, mimi nina..." Anjelina akanigusa mkono.

"Baba Paulina. Tulia. Ameshasema."

Mama Herena ndipo akanitazama. Akatazama mguu wangu, akatazama mfuko wangu wa vifaa ambao sikuwahi kuuacha.

"Wanasema wewe ni fundi."

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ni mkulima tu. Fundi hahitaji kuambiwa na mkulima."

Nikatoa mwiko. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapiga magoti, ule mguu ukilia, nikakwangua rangi. Chini yake nikaona vipande vya mwezi. Kimoja, cha pili, cha tatu, vimezungushwa kwa gunia la katani. Nikakwangua zaidi, yakaanguka majivu ya samadi. Harufu ile ningeitambua hata usingizini. Na chini ya majivu, usawa wa goti, mstari wa tope la zamani umenyooka ukuta mzima kama umepigwa kwa pima maji, na mabua ya nyasi yamenasa ndani. Nikageuka nikatazama korongo. Nikatazama zile nyasi kwenye miiba, usawa wa bega. Upepo haukuziweka pale. Maji ya mlimani ndiyo yaliyoziweka.

Mzee Shabani aliniambia niulize maji. Niliuliza maji ya ndoo. Maji ya mlima Hanang sikuyauliza.

"Nani alipiga lipu hii?" nikauliza.

"Fundi tu," Faustini akasema.

"Yusto."

"Kama ni Yusto? Wewe ndiye uliyemfundisha." Akacheka mpaka mkoba ukatikisika. "Unatema uji ulioupika mwenyewe, Daktari?"

Nilikaa pale chini, majivu mikononi. Ukuta ule sikuwahi kuugusa, lakini mkono ulikuwa wangu. Watoto wangu wanne ndio ambao wangelala nyuma ya dawa yangu. Kwa hiyo wakosaji niliowaahidi kuwataja ni watatu: Faustini aliyeuza saruji, Kasiani aliyetoa amri, na wa tatu ndiye anayewaandikia.

Tulikataa nyumba. Faustini akafunga mkoba wake akasema Jumamosi mwalimu atainunua na kunishukuru. Hapo nikapata kazi ya mwisho ya udaktari. Jumamosi nilichechemea mapema, nikamsubiri huyo mwalimu njiani. Alikuwa dada wa watu, ametoka mkoa wa mbali, hana ndugu wala jirani wa kumwekea kibuyu chini.

"Shikamoo mzee," akasema, anataka kupita.

"Marahaba, mwalimu. Njoo nikuonyeshe ukuta."

Nikamwonyesha. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia, "Kwa sababu dawa hii niliitunga mimi." Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekiri kabla ya fimbo. Kisha akaniambia asante, akarudi alikotoka. Faustini alinitukana kilema mbele ya watu sokoni. Ni kweli, ni kilema. Nikamwambia kilichonipa kilema hicho ni saruji yake.

Lakini nyumba hatukuwa nayo. Wiki zikaisha. Kasiani akaanza kuwatuma watu wang'oe milango ya kota, ili tuone baridi tuondoke. Wa kwetu waliung'oa mke wangu akiwa anapika. Anjelina hakuwatukana, aliwaambia tu, "Upelekeni salama, na huo una kazi zake." Alikuwa anaukumbuka ule wa choo. Walicheka bila kujua wanachekea nini.

Siku mbili kabla ya mwisho akaja Gidahoti hadi kambini, kwa miguu, na fimbo yake. Hakukaa. Alisema, "Mama anakuita," akageuka.

Mama Herena alitupeleka upande wa juu wa nyumba yake, mahali ambapo marehemu mume wake alifuga ndama. Kulikuwa na kibanda cha miti na udongo, paa la udongo limeota majani.

"Si nzuri," alisema. "Msimu huu madalali wamenifuata watatu wakinunue kiwanja. Nimewaambia hakiuzwi. Nilikuwa namtafuta mtu ambaye mke wake anajua kupika pombe kabla ya kuulizwa."

Nikaomba ndoo. Sikuimwaga ndani tu. Nikapanda juu ya kiwanja, nikamwaga pale. Maji yakashuka, yakafika karibu na kibanda, yakapinda yenyewe pembeni, yakaenda zake. Chini yetu kulikuwa na mwamba uliokuwa unayaongoza tangu Mungu alipoumba mlima. Nikamwaga ya pili kuhakikisha. Mama Herena akasema, "Fundi, maji tunayachota mbali."

Tukapatana bei, nikalipa kwa kiinua mgongo, na kilichobaki kikanunua bati. Pombe ilikuwa imebaki mtungini, Anjelina alikuwa ameitunza, imekuwa kali. Kibuyu kilipomfikia Mama Herena alikunywa hadi nikaogopa. Akafuta mdomo. "Hii ndiyo ile ya siku ile? Ilikuwa inaniuma kuiacha." Gidahoti akanywa nyuma yake, akaniangalia akasema neno la kwanza ambalo halikuwa ujumbe wa mtu mwingine: "Jirani."

Masika ile maji ya korongo yalikuja mchana, tukiwa tumesimama mlangoni. Ulisikika mngurumo kama kombaini kumi zinashuka mlima. Ile nyumba ya waridi ilisimama ndani ya maji hadi madirishani. Anjelina alikuwa na mtoto wetu mdogo mgongoni. Hakusema nilikuambia. Alikwenda jikoni akaloweka mtama, na jioni akampelekea Mama Herena maziwa. Shukrani kwa wanawake wa namna hiyo huwa sijui nizianzie wapi, ndiyo maana nimeanza na dalali.

Mzee Shabani nilimwandikia barua, yuko Kondoa amezeeka. Nikamweleza yote. Alijibu mstari mmoja kwa mkono wa mjukuu wake: "Sasa umejua mkono ni wa nani."

Mama Herena tulimzika miaka mitatu iliyopita. Sehemu ya uwanja wake watoto wake walitupa tulime, kwa hiyo mpaka wake wa chini sasa ni mpaka wangu. Mwaka huu baada ya mavuno ile nyumba ikauzwa tena. Imepigwa rangi, safari hii ya bluu. Dalali ni kijana, ana simu, anaitazama kuliko anavyowatazama watu. Wanunuzi ni nesi mgeni na mume wake, wachangamfu, wamebeba mtoto. Bahati yao mtu mmoja alikuwa amewaambia kuhusu pombe, wakaleta, ingawa wameinunua sokoni na imechacha vibaya.

Gidahoti alinitazama. "Mimi nakunywa nyuma yako," akasema.

Yule mume akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimetoka kuchimba viazi, koo limekauka kama gunia. Nikakipokea. Nikatazama ndani. Nikakiweka chini taratibu.

Dalali akaguna. Yule mume akanitazama, akatazama kibuyu, hajui kama nimemtukana.

"Mzee, mbona hunywi? Huna kiu?"

"Nina kiu sana, mwanangu," nikamwambia, na nikampa mwiko wangu. "Zunguka kule nyuma. Anzia usawa wa goti."